Ndizi ya Masisi haihitaji panga ili tujue inaumwa

Maandishi ya mazungumzo na vijana, Goma, Novemba 2024



Leo sitasema juu ya maandamano. Nimeombwa niseme juu ya chakula. Nimesoma agronomia, na tangu nipate diploma kazi yangu kubwa imekuwa kuifotokopi hiyo diploma, basi angalau leo itanisaidia. Nitasema juu ya jambo moja ambalo naona tunalipita pembeni: namna ya kujua kama mmea unaumwa bila kuukata wala kuung'oa. Kwa kuutazama tu. Kwa picha.

Musiogope neno teknolojia. Mama mjamzito akienda materniti, hapasuliwi tumbo ili tujue kama mtoto anapumua. Wanapiga ekografi, wanaona, anarudi nyumbani na mimba yake. Na bibi zetu, ambao hawakuona ekografi, walikuwa wanalishika yai mbele ya mwanga ili wajue kama ndani kuna kifaranga au limeharibika. Yai halikuvunjwa. Wazo ni lilelile. Kilichobadilika ni ukali wa jicho.

Sasa twende Masisi.

Kuna ugonjwa wa ndizi unaoletwa na bakteria, wataalamu wanauita BXW. Ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda wanauita kirabiranya. Ulijulikana kwanza Ethiopia, wanasayansi waliuandika katika miaka ya 1960, kwenye mmea unaoitwa enseti, jamaa ya ndizi, ambao watu wa kule wanaula. Mwaka wa 2001 ukaonekana Uganda. Na mwaka huohuo ukaonekana Kongo. Wapi? Masisi. Profesa Vigheri Ndungo wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kule Butembo, pamoja na wenzake, waliandika habari hiyo katika jarida la kimataifa la magonjwa ya mimea mwaka 2006. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Masisi inajulikana duniani kwa coltan na bunduki tu, mwambie kuna wanasayansi wanaoijua kwa ndizi.

Shamba likiingiwa na ugonjwa huu, majani yanakuwa ya njano na kulegea, kama yamemwagiwa maji ya moto. Lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu linanyauka. Vidole vya ndizi vinaiva kabla ya wakati, tena ovyo ovyo, kimoja hapa kimoja pale. Hakuna dawa. Mti ulioshikwa hauponi, na shamba likiachwa hivyo linaweza kwisha lote: ndizi ya kupika, ndizi ya kuuza, kasiksi, ada ya shule, vyote pamoja.

Lakini majani ya njano peke yake si ushahidi. Ndizi inaweza kugeuka njano kwa sababu ya jua, udongo uliochoka, mnyauko mwingine wa fangasi, au ule ugonjwa wa virusi unaofanya majani yasongamane juu kama shada. Mkulima anataka uhakika. Anafanya nini? Anachukua panga. Anakata shina, anangoja, anaangalia kama yanatoka maji mazito ya njano kama usaha. Au anakata kidole cha ndizi aone kama ndani kumekuwa kahawia. Akiona, anajua. Halafu, na panga lilelile, anaenda kukata majani makavu ya mti wa pili, na wa tatu, na jirani anakuja kuliazima kwa ajili ya shamba lake.

Hapo njo kuna mtego. Bakteria wanasafiri ndani ya utomvu unaobaki kwenye chuma. Wadudu wanaotembelea lile ua dume wanasambaza pia, na vitoto vya ndizi tunavyopeana kwa ukarimu vinasambaza pia, lakini panga ni gari la haraka. Ndiyo maana waagronomu wanasema: ua dume livunje kwa mti wenye panda, usilikate, panga lipitishe motoni au kwenye maji ya Jik kabla ya kugusa mti mwingine. Ushauri mzuri. Ila niambieni ni nani shambani, na mtoto mgongoni, atakayewasha moto kila baada ya mti mmoja.

Panga ni daktari na panga ni mwenye kuambukiza. Kwa hiyo kuangalia bila kukata si mchezo wa wazungu wenye pesa. Kwa ndizi ya Masisi ni sehemu ya dawa yenyewe.

Mwaka 2019 watafiti wa Bioversity International na CIAT walitoa programu ya telefoni inayoitwa Tumaini. Ndiyo, kwa Kiswahili. Unapiga picha ya jani, ya shina, ya mkungu au ya ua, programu inalinganisha na maelfu ya picha ilizofundishwa nazo, inakuambia ni ugonjwa gani. Waliijaribu Colombia, India, Benin, China, Uganda na hapa kwetu Kongo, wakasema inatambua kwa kiwango cha 90 kwa mia. Mwaka uliofuata, watu wa kundi hilohilo walichapisha utafiti mwingine, safari hii kwa picha za kutoka juu, za droni na za setilaiti, wakitafuta migomba na magonjwa yake katika Kongo na Benin. Soma vizuri: Kongo. Si kwamba teknolojia hii haijatufikia. Ilifika, ikapiga picha, ikaandika makala, na mama wa Nyabiondo bado anakata shina ili ajue.

Muhogo nao uko na habari yake, na hii ninaipenda zaidi kwa sababu iko na namba ambazo zinauma.

Muhogo unaumwa mozaiki, ile ambayo Watanzania wanaiita batobato: jani linajikunja, linakuwa na mabaka. Hiyo wengi wanaijua. Lakini kuna mwingine, michirizi ya kahawia, ambao ripoti ya kwanza ya kisayansi kwa Kivu ya Kaskazini ilitoka mwaka 2012. Huu ni mnafiki. Juu, mti unasimama wima, majani mabichi, pengine unjano kidogo pembeni ya mishipa ya majani ya chini, na wewe unafikiri ni uzee wa jani tu. Chini, muhogo unaoza taratibu, ukiukata unakuta mabaka makavu ya kahawia kama kizibo. Mtu anangoja mwaka mzima, anang'oa siku anayotaka kusaga ufu, na ndipo anajua kwamba hana chakula. Na kama aling'oa mapema ili aangalie, aliharibu. Muhogo ulioung'oa haurudi chini.

Kule Tanzania walijaribu programu nyingine, Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA. Inasema Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwa mtu wa Pinga si anasa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliweka pamoja wakulima, wataalamu wa ugani, na telefoni, wote watambue dalili za magonjwa ya muhogo kwenye majani. Wakulima walipata kati ya 18 na 31 kwa mia. Wataalamu wa ugani, kati ya 40 na 58. Nuru, kwa jani moja, 65. Na ukiipa majani sita ya mti mmoja, inapanda kati ya 74 na 88.

Musiwacheke wakulima. Angalieni namba ya wataalamu wa ugani, hao ni watu wa darasani kama mimi, na wanakosea karibu nusu ya mara. Ugonjwa ni mgumu kuonekana, basi. Na angalieni ile ya majani sita. Mashine yenyewe, ikikimbilia jani moja, inakosea jibu moja kati ya matatu. Atakayekuja kuwauzia maneno kwamba telefoni inajua kila kitu, muulizeni amepiga majani mangapi.

Kuna wanaoniuliza: kwa nini tusitume droni, shamba zima linaonekana kwa dakika kumi? Kwingine, sawa. Lakini wewe unaijua Masisi ya leo. Mtu akisikia sauti ya droni juu ya kijiji, hafikiri juu ya muhogo, anatafuta pa kujificha na watoto. Na mwenye kuirusha atawaeleza nini wanajeshi, Wazalendo, M23, au wenyeji wenyewe? Tuliwekwa ndani ya état de siège Mei 2021. Mimi singemshauri kijana yeyote arushe droni pale, hata akiwa na karatasi yenye mihuri mitano. Droni tuiweke pembeni mpaka siku watu watakapoweza kuangalia juu bila hofu.

Inabaki telefoni, na inabaki setilaiti, ambayo haina kelele.

Setilaiti inafanya kazi hivi. Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu na kurudisha nyuma mwanga mwingine, infraruji, ambao jicho letu halioni. Jani likianza kuchoka, kwa ugonjwa au kwa kiu, hesabu hiyo inabadilika, mara nyingine kabla hatujaona unjano wowote. Setilaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2 ziko na jicho la infraruji. Mbili zinasaidiana, zinapita juu ya sehemu moja kila baada ya siku 5, na picha zake ni bure. Bure kabisa: wewe hapa Birere, ukiwa na megabaiti, unaweza kuzipakua usiku huu na kuona jinsi majani ya Masisi yalivyokuwa mwaka jana na mwaka huu.

Lakini tusidanganyane. Nukta moja ya picha hiyo ni mita 10 kwa mita 10, yaani ari moja. Ndani ya ari moja ya mama mmoja wa Masisi kuna migomba, chini yake maharagwe, pembeni makoloke, na mbuzi amefungwa katikati. Setilaiti inavichanganya vyote kuwa rangi moja ya kijani. Inayoona vizuri ni nini? Ni zile konsesio kubwa za ng'ombe, majani mlima mzima, ua mrefu, mwenye mali mmoja. Hiyo inaonekana kama kioo. Tena jicho la angani linamwona tajiri kwanza, sikushangaa nilipoligundua.

Walikale ni shida ya namna nyingine. Ni msitu, na juu ya msitu ni mawingu. Kuna setilaiti za rada zinazopenya mawingu, lakini rada inaona umbo na unyevu, haioni rangi ya jani. Na ramani za dunia za misitu, zile zinazotoa tahadhari kila mti unapoanguka, zikiona shamba jipya la muhogo au mpunga pembeni ya Mubi zinaandika: msitu umepotea. Ni kweli, umepotea. Lakini hakuna ramani inayoandika kwamba pale wamekula watu wangapi. Mkulima wa Walikale anaonekana kutoka angani kama mharibifu, si kama mtu anayelisha watu, na mimi naona hilo ni jambo la siasa, si la pikseli.

Kwa nini ninawapigia kelele ninyi wa mjini? Mwezi wa 2 mwaka 2024, njia za Sake na Shasha zilipofungwa, muliona wenyewe sokoni. Maharagwe na viazi vilipanda bei, na tulikumbuka ghafla kwamba Goma haina shamba, shamba la Goma ni Masisi. Uchambuzi wa IPC wa nusu ya pili ya mwaka 2024 ulihesabu watu milioni 25.6 nchini wenye njaa kali. Sitasema ni ugonjwa wa ndizi uliowaleta pale. Ni vita kwanza. Mtu aliyekimbia hawezi kuchunga shamba, na shamba lisilochungwa ni nyumba ya ugonjwa: mti mmoja ulioshikwa unabaki umesimama miezi, wadudu wanautembelea, mwenye shamba akirudi anakuta migomba yote imelala. Halafu anaomba vitoto vya kupanda kwa jirani. Na jirani naye hajui kama vyake ni vizima.

Sasa kuna njia ya kupambana ambayo haitaki kung'oa shamba zima. Zamani walikuwa wanasema: ng'oa shina lote, na vitoto vyake vyote, fukia. Kazi ya wanaume wanne, na baada yake njaa. Siku hizi wanafundisha kuondoa mti mmoja tu ulio na dalili, kuukata chini kabisa kwa panga lililopita motoni, na kurudia kila mara unapoona mwingine. Ukifanya bila kuchoka, ugonjwa unashuka sana katika miezi michache. Lakini njia hiyo yote inasimama juu ya neno moja: unapoona. Ukichelewa kuona, imekwisha. Hapo ndipo picha inaingia, na hapo ndipo kijana mwenye telefoni, anayejua anaangalia nini, anakuwa na kazi ya kweli.

Na telefoni yenyewe, tukubaliane, ni ya kwetu kidogo. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulisema Rubaya, Masisi, inatoa zaidi ya 15 kwa mia ya tantalum ya dunia. Bisie, Walikale, inatoa karibu 6 kwa mia ya bati la dunia, lile linalounganisha vipande ndani ya kila mashine. Teritwari mbili hizi ziko ndani ya kila kamera iliyo mfukoni mwenu. Mashimo ya wachimbaji wadogo wa Kivu yako kwenye ramani: shirika la IPIS la Ubelgiji linayahesabu tangu mwaka 2009, shimo kwa shimo, madini gani, nani mwenye silaha yuko pale. Kazi muhimu, ninaiheshimu. Ninataka tu kuona ramani ya ndizi inayoumwa, iliyotengenezwa kwa bidii ileile.

Ila ramani hiyo tuitake kwa macho wazi. Nilifanya staji miezi mitatu kwa shirika moja, jina sitalitaja. Bila mshahara, tulikuwa tunapewa pesa ya moto tu. Kila siku tulipiga picha za mashamba, tukaandika jina la mwenye shamba, namba yake ya simu, na namba za GPS mpaka kwenye mita. Wakulima walituuliza: jibu litarudi lini? Wakubwa walisema, litarudi. Prosheti ilikwisha, magari yakaondoka, na mpaka leo picha hizo ziko kwenye kompyuta ya mtu, sijui nchi gani. Mwenye shamba hakuambiwa hata kama mti wake ulikuwa mzima.

Na mbaya zaidi kuliko dharau ni hatari. Katika nchi ya vita, orodha inayosema ni nani yuko na shamba kubwa la mihogo, na liko wapi kwa mita, ni orodha ya mahali pa kupora. Anayekusanya picha bila kufikiri juu ya hilo hafai kukusanya. Inatosha kusema grupema gani, ugonjwa gani, mwezi gani. Mita tumwachie mwenye shamba.

Kwa hiyo ninapendekeza harakati yetu iombe mambo haya waziwazi, kwa barua, na majina yetu chini. Inspeksio ya kilimo ya provensi itangaze kila mwezi, kwa redio na kwa Kiswahili, ni grupema gani za Masisi na Walikale ambazo ndizi au muhogo wake umeripotiwa kuumwa. Moniteri wa kilimo apewe telefoni yenye programu zinazofanya kazi bila intaneti, na chaji ya jua, kabla hajapewa jalabu nyingine ya mikutano hotelini. Shirika lolote linalopiga picha za mashamba yetu lirudishe jibu kwa mkulima ndani ya msimu uleule, si ndani ya makala. Na vijana wanaofanya kazi hiyo walipwe. Viongozi wa Afrika walikubaliana Maputo mwaka 2003 kwamba kilimo kipate angalau 10 kwa mia ya bajeti. Nchi yetu iko na sheria ya kilimo tangu Desemba 2011. Hatuombi zawadi, tunaomba kilichosainiwa.

Wakati tunangoja majibu, na munajua tutangoja, Jumamosi saa tatu tutaanza darasa dogo. Kila mtu alete telefoni yenye chaji na picha sita za majani ya mti mmoja wa muhogo. Mashamba yako hata humu, pembeni ya nyumba. Omba ruhusa kwanza kwa mwenye shamba, piga jani likiwa bado juu ya mti, usichume. Piga asubuhi, jua la saa sita linaunguza picha. Walio na wazazi waliokimbia kutoka Masisi au Walikale, na wanajua Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, ninawaomba waje mapema, saa mbili. Tunataka kuandika jinsi wazee wanavyoyaita magonjwa haya katika kila lugha, maana programu ikisema BXW, hakuna mama hata mmoja kule Nyabiondo atakayegeuka kuangalia.